Siku Niliyoipika Chachu

Mwanangu, nakumbuka siku moja nilivyomtukana baba mkwe wangu kabla hajawa baba mkwe wangu, na nusura asiwe kabisa.

Ilikuwa wakati wa vita. Treni haikufika tena Kindu, bia nayo haikufika, na mimi nilitaka kumuoa Kabedi. Wazazi wake, watu wa reli waliotoka Kasai, walikubali kuja kwetu kunisikiliza. Utawapokea wakwe kwa maji matupu? Nikajitia ufundi: nitatengeneza pombe ya nanasi.

Kazi yenyewe si ngumu kwa mtu mwenye subira. Unakamua nanasi, unachemsha maji yake, unayaacha yapoe, ndipo unatia chachu. Chachu ni kitu hai, mwanangu, usiione ungaunga ukaidharau. Inakula sukari, inatoa mapovu, na utamu unageuka ulevi siku baada ya siku. Lakini mimi nilikuwa na haraka ya bwana harusi. Nikadhani kwenye joto chachu itafanya kazi upesi zaidi, nikaitia maji yakiwa bado yanatokota. Hata povu moja halikupanda. Nikasema labda inafanya kazi kimyakimya, nikafunika.

Siku ya tatu wageni wakaja. Nikawamiminia, nami nikanywa vikombe vinne ili nipate ujasiri. Na ujasiri ukaja, tena mwingi! Nikaimba, nikayumba, nikaona nyumba inazunguka. Kisha nikamgeukia baba yake Kabedi, aliyekuwa amevaa kofia yake ya reli, nikamwambia mbele ya watu wote: "Papa, treni ilikimbia vita, sasa wewe ulibakia na kofia ya nini?"

Mzee akaweka kikombe chini, akaondoka na familia yake.

Asubuhi nikaenda kwao, mtaa wa Mikelenge, nimeshika kichwa, maana kilikuwa kinaniuma kweli. "Papa, unisamehe," nikasema. "Haiko mimi. Njo pombe ilisema." Nikaisingizia pombe.

Aliyejibu ni mama yake Kabedi, na mama huyo alikuwa akiuza pombe ya ndizi tangu ujana wake. "Pombe gani? Nilionja tu, nikajua: chachu uliitia ku moto, ikakufa. Ulitupatia maji ya nanasi! Mama yangu muzee, mwenye hakunywaka pombe hata siku moja, alikunywa vikombe tano, akarudi na miguu yake, muzima kabisa. Sasa ile maneno ilitoka wapi?"

Kichwa kikaacha kuuma papo hapo. Kabedi alicheka mpaka akakimbilia uani, lakini baba yake hakucheka. "Hii kofia," akasema, "ninaivaa kila asubuhi ili watoto wasijue kama sina kazi."

Niliona aibu ambayo sijaiona tena maishani. Nikapiga magoti, nikamwambia kwamba maneno yale yalikuwa yangu mwenyewe, nilikuwa nayo moyoni siku nyingi, na yalikuwa ya kijinga.

Mzee akanishika mkono, akaniinua. "Sasa njo nimesikia mutu," akasema.

Nilimuoa Kabedi. Siku hizi bia imejaa Kindu, na vijana hunijia wakiwa wamewaumiza wake zao kwa maneno, wakisema ni pombe, Papa. Mwanangu, ukitengeneza pombe, tia kidole kwanza. Joto lisilovumiliwa na kidole litaiua chachu. Na ukimuumiza mtu kwa maneno, uwe umekunywa au hukunywa, nenda ukamwambie ni wewe uliyesema. Mungu akujalie ulimi wa kuomba radhi, na nyumba yenye watu wa kukusamehe.