Mto Wangu Mpya wa Hirbadaw

Nimesomea jinsi mafuriko ya barafu inayoyeyuka yanavyohamisha mito ya Aktiki, kwa hiyo kazi ya kijiji cha Hirbadaw niliiona ndogo. Baada ya mvua nilirusha droni mara moja tu, nikaitisha mkutano na kuonyesha picha ukutani.

“Mto umehama! Mkondo mpya ndio huu. Mama, hamisha boma lako wiki hii.”

Mama mwenye boma, ambaye hata sikuwa nimemwamkia, akaisogelea picha.

“Mtaalamu, huko kwenye barafu maji yanapanda mlima?”

“Hapana, mama.”

“Basi hiyo inayopanda mlima ni njia ya ng'ombe wangu. Asubuhi umeipita mwenyewe. Mavi yao bado yako kwenye kiatu chako.”

Niliinama kutazama. Nikiwa huko huko chini, nikasema, “Shikamoo.”