Shaba ya Gobore la Baba

Pale Nakwa, kijiji cha kando ya ziwa, ukimtafuta Mama Eva siku ya Jumamosi jioni, usihangaike kwenda shambani wala sokoni. Yuko uani kwake, amekaa kwenye kigoda, na mapajani amelaza gobore la marehemu baba yake, anasugua shaba. Majirani wameshazoea. Zamani walikuwa wakimtania, "Mama Eva, unamwogesha mume?" naye anajibu, "Ndiye huyu, tena halewi!" Siku hizi wanapita na kumsalimia tu, maana wanajua mwanamke yule ana lake moyoni.

Jina lake la ubatizo ni Otilia. Ni mjane, na bintiye Evangelina ameolewa Singida. Baba yake, Mzee Aniceti, alimiliki gobore lile kwa leseni tangu ujana wake, kwa sababu ya viboko wanaotoka ziwani kuja kumaliza mahindi ya watu. Kusema kweli hakuwahi kuua kiboko hata mmoja. Alikuwa akilipua hewani, mlio unatikisa mabati, viboko wanarudi majini wakikoroma kwa hasira, na Mzee anarudi kulala akijiona mkuu wa mkoa. Lakini shaba ya gobore lile, jamani! Pete zinazofunga mtutu kwenye mti wake, kinga ya kifyatulio, bamba la kitakoni, vyote shaba tupu. Mzee alitaka ing'ae mpaka mtu aweze kujitazama akichana nywele, na asione mkwaruzo hata mmoja.

Kazi hiyo aliwapa watoto wake wawili, Otilia na mdogo wake Felix. Na ilikuwa kazi ya watu wawili kweli. Gobore halikulazwa chini wala mezani, kwa kuwa punje moja ya mchanga inatosha kuharibu kazi ya jioni nzima. Lililazwa mapajani, watoto wamekaa wakitazamana, huyu upande wa mtutu, yule upande wa kitako. Walichekecha majivu ya magunzi kwa kitambaa, wakayakamulia limau kidogo, wakasugua kwa kipande cha kanga kuukuu iliyolainika kwa kufuliwa. Unasugua kufuata upande mmoja, bila kurudi nyuma. Mwisho unaipulizia shaba pumzi, na ule ukungu ukiondoka bila kuacha mstari, basi imekubali. Felix ndiye aliyekuwa wa kupuliza, na kila mara alianza kwa kumpuliza dada yake usoni. Walicheka mpaka Mzee anawafokea toka ndani kwamba silaha si kitu cha kuchezea.

Felix akakua, akasikia habari za Mererani kama vijana wengine, akaenda kuchimba tanzanite. Aliondoka na maneno makubwa: "Dada, mkiniona tena hapa nimekuja na gari langu, na Baba namjengea nyumba ya vigae." Laiti angeahidi kidogo tu! Maana maneno yale ndiyo yaliyomfungia njia ya kurudi. Ukapita mwaka, ikapita mingine, gari halionekani, na Felix mwenyewe haonekani. Akipiga simu ni yale yale, "Mambo yanakaribia kukaa sawa, dada." Mzee Aniceti akafariki mambo yakiwa bado yanakaribia. Felix hakuja kuzika. Alisema alikuwa mgodini na habari zilichelewa kumfikia. Otilia hakumwamini, ila alimwelewa. Mtu aliyeahidi nyumba ya vigae ataingiaje msibani na kibegi mgongoni?

Tangu hapo akawa anasugua peke yake. Kitako anakilaza pajani, mtutu anauegemeza begani, na akimaliza mkono haunyanyuki. Wala hakuwa akisugua kwa ajili ya marehemu, maana marehemu ana mengine ya kuangalia huko aliko. Alikuwa na hamu ya kumwona ndugu yake. Alimkumbuka akiwa anapalilia, alimkumbuka kanisani akiona watu wamekaa na ndugu zao, na Jumamosi jioni alimkumbuka kuliko siku zote. Alitaka siku Felix atakapoingia uani aikute shaba vile vile alivyoiacha, ajue kwamba nafasi yake upande wa mtutu hajaikalia mtu.

Sasa mwaka huu likaja tangazo: silaha ambazo wenye leseni wamefariki zisalimishwe kituoni kabla ya mwisho wa mwezi. Otilia hakuwa na ubishi na serikali. Alichofanya ni kuchukua simu.

"Felix, gobore la Baba linaondoka. Njoo ulione."

Felix akasema, "Nakuja Alhamisi, dada. Ila nalala siku moja tu, Ijumaa alfajiri narudi na basi. Kazi zimenibana."

"Siku moja? Baada ya miaka yote hii?"

"Zimenibana, dada."

Akaja kweli Alhamisi mchana, na kibegi mgongoni. Loo, yule Felix aliyeondoka na kifua mbele! Alikuwa amekonda, mvi zimemtoka kabla ya wakati, na kikohozi hakimwachi. Alisimama uani kama mgeni, akasema, "Shikamoo, dada." Otilia alimkumbatia, wakalia weee mpaka wakachoka. Kisha akamkalisha, akamletea gobore alishike, akatoka mbio kwenda kutafuta perege, kwa sababu hawezi kumlisha mdogo wake maharage siku ya kwanza.

Samaki walichelewa kutoka ziwani. Aliporudi alikuta gobore limelazwa juu ya meza, Felix amekunja mikono ya shati, jasho linamtiririka, anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Nimekupunguzia kazi, dada! Kule mgodini vyuma vya mashine tunavisugua hivi hivi, dakika tu vimetakata. Hebu angalia!"

Mkononi alikuwa na stilwaya, ile ya kusugulia sufuria.

Otilia akaangalia. Pete zote, kinga, bamba la kitakoni, mikwaruzo mitupu, imekatana huku na huku kama ardhi iliyoparuliwa na kuku. Damu ilimpanda kichwani. Miaka yote ile! Kazi yote ile ya mkono wake!

"Felix! Wewe una akili kweli? Nani alikwambia shaba inasuguliwa na stilwaya? Umeiua! Umeiua shaba ya Baba!"

Tabasamu la Felix likazimika. Aliinama akaitazama shaba kwa karibu, akaipitishia kidole, na hapo mwenyewe akaona. Hakujitetea. Aliiweka stilwaya mezani polepole, akanyoosha mikono ya shati.

"Kumzika Baba sikuja, na nimekuja kuharibu," alisema. "Mimi ni wa kuharibu tu. Acha nikalale gesti mjini, dada, asubuhi niwe karibu na stendi."

Akaokota kibegi chake. Otilia akauona mgongo wa ndugu yake ukielekea barabarani, na hasira yote ikamwishia pale pale. Akaogopa, kuogopa kweli. Shaba ni nini? Shaba mwisho wa mwezi itakuwa stoo ya polisi.

"Unakwenda wapi?" alimpigia kelele. "Unaharibu halafu unaondoka? Nani ataitengeneza?"

Felix akasimama. "Itatengenezeka?"

"Itatengenezeka. Ila si kwa leo." Otilia akaliinamia gobore. "Kwa mikwaruzo hii ni kazi ya wiki nzima. Labda wiki mbili. Tena ya watu wawili, mimi peke yangu siiwezi."

Ulikuwa uongo mtupu, na Felix aliujua. Alikuwa amekulia kwenye shaba ile, na aliyoyasahau mgodini yalikuwa yameanza kumrudia. Alijua kwamba kwa majivu mazuri na mkono uliotulia mikwaruzo kama ile inaisha kwa jioni mbili, hata ukiwa peke yako. Alimtazama dada yake, akalitazama gobore, akamtazama tena dada yake.

"Wiki mbili," alisema.

"Labda na zaidi."

"Basi tusiiharakishe, dada." Akavua kibegi. "Kule sina kazi inayonibana. Hata chumba nilishakirudisha kwa mwenyewe."

"Nilijua," Otilia alisema, ingawa hakuwa akijua. Akamtupia kipande cha kanga, akaingia jikoni kuinjika maji ya ugali, huku analia waziwazi na wala hajifuti.

Ijumaa alfajiri honi ya basi ilisikika toka barabarani. Otilia alinyata gizani mpaka kwenye mlango wa chumba cha mdogo wake, akatega sikio. Felix alikuwa anakoroma.