Saa ya Moshi na Tambara Langu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa tambara. Siyo spana, siyo bisibisi: tambara, tena la gunia. Ilikuwa Nachingwea, mwaka wa arobaini na tisa. Nilikuwa nimetoka kwetu Ruponda kwa miguu, shati moja mwilini na jingine kikapuni. Wazungu walikuwa wamekuja kulima karanga kwa matrekta, pori lote linang'olewa, vumbi mpaka kwenye uji. Karakana yao ilikuwa banda la bati refu kuliko jengo lolote nililowahi kuliona, nami niliingia humo nikidhani jioni nitatoka fundi. Ujana nao!

Nyapara wa karakana alikuwa Mzee Nalinga, Mmwera mwenzangu, mtu mfupi mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Umesoma?"

"Darasa la nne, mzee."

"Basi futa hiyo injini. Ufute huku unaangalia. Mtu anayefuta bila kuangalia simtaki humu."

Nikafuta miezi mingi, nikaangalia. Nyie vijana wa siku hizi, gari likikohoa tu mnabadilisha vipuri mpaka mwenye gari anafilisika. Sisi tulisoma plagi. Plagi ndiyo inayotoa cheche ya kuwasha petroli, na ukiifungua inakueleza kila kitu. Ikiwa nyeusi ya masizi, injini inakunywa mafuta mengi kupita kiasi. Ikiwa nyeupe kama chokaa, ina njaa, na injini yenye njaa huwaka moto mkali mpaka inajiunguza yenyewe. Mzee Nalinga alitaka plagi yenye rangi ya korosho iliyokaangwa vizuri, basi. Alikuwa anaileta puani kwangu: "Hii korosho imeiva au imeungua?" Nikikosea, wenzangu wananicheka.

Baada ya miaka miwili nikapata ufundi. Nikapelekwa Ruangwa, kwenye karakana ndogo ya malori, chini ya bwana mmoja tuliyemwita Bwana Malori kwa sababu hakuwa na habari nyingine duniani. Hakuwa mkali. Alikuwa akisikia injini inanguruma vizuri anainua kofia, anaondoka. Kule nilitengeneza malori yaliyobeba mashina na mabomba, na mengine yaliyofika yakiwa yamebebwa. Njia za huku zilikuwa zimejaa visiki. Pori lilikatwa haraka, visiki vikaachwa vikisubiri magari. Vikumbukeni hivyo visiki, nitavirudia.

Nikarudishwa Nachingwea, nikamkuta Fomeni mpya, yaani mkuu wa mafundi. Alikuwa kijana wa Kizungu, uso mwekundu, kaptula iliyopigwa pasi hata siku ya grisi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha tu. Sisi sote alituita "boi", hata Mzee Nalinga mwenye wajukuu. Alikuja na sanduku la mbao, ndani yake kuna chombo kipya ambacho hakuna aliyewahi kukiona upande wetu: kipimo cha moshi wa gari. Kilikuwa na uso wa kioo na mshale, tukakiita saa ya moshi.

Nieleze kidogo, msije mkasema mzee amewaacha njiani. Saa ile ilikuwa na mpira mrefu. Unachomeka ncha ya mpira kwenye bomba la moshi, injini inanguruma, moshi unavutwa ndani. Ndani mna nyaya nyembamba zinazopashwa moto kwa betri. Moshi wa injini yenye njaa hauzipoozi nyaya sawa na moshi wa injini iliyoshiba, kwa hiyo mshale unasogea. Ukienda kushoto, petroli ni chache. Ukienda kulia, petroli ni nyingi. Katikati ndiyo sawa. Upande ule wa kulia palikuwa na mstari mwekundu. Kabla ya kupima, mpira ukiwa bado unaning'inia hewani, unazungusha kifundo mpaka mshale usimame kwenye mstari huo. Ndivyo kitabu kilivyoagiza, na Fomeni alikifuata kitabu neno kwa neno. Kwamba mstari ule una maana gani, hakujiuliza. Wala mimi sikujiuliza, kwa wakati ule.

Chombo kilikuwa kizuri, wallahi. Sikukichukia hata siku moja. Niliyemchukia ni yule aliyekifanya mtume.

Siku ikafika gari la Bwana Meneja, mkuu wa shamba zima. Lilikuwa gari dogo la kijani lenye viti vya ngozi na taa kubwa za mviringo. Leo watu wangelipiga picha na kuliita gari la kale, lakini wakati ule lilikuwa jipya, likipita watoto wanashangilia. Nililitengeneza mwenyewe, plagi zote nne zikatoka korosho safi. Fomeni akaja na saa yake. Akaweka mshale kwenye mstari mwekundu, akachomeka mpira, akakanyaga mafuta kidogo. Mshale ukatikisika, ukabaki palepale, kulia.

"Petroli mingi sana," akasema. "Toa jeti hii, weka dogo."

Jeti ni kitundu cha shaba ndani ya kabureta, ndicho kinachopitisha petroli. Ukiweka kilicho kidogo zaidi, injini inapunguziwa chakula. Nikamwonyesha plagi.

"Bwana, tazama rangi. Gari hili limeshiba sawasawa. Ukilipunguzia, litaungua vali."

"Wewe boi hapana jua kitu. Saa hapana danganya. Saa hapana kabila."

"Sitaibadilisha jeti, Bwana."

Mzee Nalinga akanikanyaga mguu, lakini maneno yalikwisha kutoka. Fomeni akanipokonya bisibisi, akabadilisha jeti kwa mkono wake. Kisha akachukua kadi ya gari, ile inayoandikwa kazi iliyofanywa na fundi aliyeifanya, akaandika jina langu. Jina langu! Nikamwambia kazi hiyo siyo yangu. Akanitupia tambara. Tangu saa ile, akasema, kazi yangu ni kufuta vyombo, kuanzia na saa ya moshi.

Nilifuta. Baada ya siku tatu akaja mjumbe kwa baiskeli kutoka njia ya Mbekenyera. Gari la Bwana Meneja lilikuwa limezimika huko, na Bwana Meneja mwenyewe alikuwa anatembea juani na viatu vyake vya ofisini. Likavutwa na trekta hadi karakana. Tulipofungua kichwa cha injini, vali moja, kile kifuniko cha kutolea moshi, ilikuwa imeliwa ukingoni kama muhogo uliogugunwa na panya.

Fomeni hakupepesa jicho. Akatoa kadi, akamwonyesha Meneja jina langu. Kisha akachukua kipande changu, kile cheti cha kazi ambacho bila hicho hukuajiriwa popote, akaandika kwa Kiingereza maneno ambayo maana yake ni hii: Hafai kugusa injini. Ilibaki sahihi ya Meneja tu, naye alisema ataitia Jumatatu, gari likishapona.

Nawaambieni ukweli, niliogopa. Ningerudi Ruponda kulima ufuta, hakuna aibu katika ufuta. Lakini kurudi kama mtu aliyeunguza gari la mkubwa kwa ujinga, na maneno yale yakitangulia kila karakana nitakayobisha hodi? Ng'o! Mzee Nalinga alinishauri niombe msamaha, huenda wakaniacha niwe mfutaji.

"Niombe msamaha wa nini, mzee?"

"Wa tumbo lako, Issa. Una mke."

"Mke wangu aliolewa na fundi."

Akatikisa kichwa, akaondoka akinung'unika Kimwera.

Ijumaa asubuhi nilikuwa nafuta saa ya moshi. Betri ilikuwa imeunganishwa, mpira umetundikwa kwenye msumari, na mshale umetulia kwenye mstari mwekundu, kama kawaida. Nikaufuta ukingo wa kioo huku naangalia. Nikaacha kufuta. Mshale ulikuwa unasema petroli nyingi. Petroli ya nani? Mpira unavuta hewa tupu! Nikapuliza vumbi, nikagonga kioo, mshale uko palepale. Kumbe ule mstari ni alama ya hewa. Saa ikivuta hewa, inasimama upande wa kulia, na asiyejua atasoma kwamba injini imevimbiwa.

Na siku ile kwa gari la Meneja mshale haukuuacha mstari, basi hewa ilikuwa inaingia mahali. Nikalala chini ya lile gari la kijani. Wenzangu walikuwa wameshatia vali mpya, ila jeti ilikuwa ileile ndogo ya Fomeni. Nikapapasa bomba la moshi kwa vidole, kwa juu, mahali jicho halifiki. Nikalikuta tundu: ufa wa urefu wa kidole, na kando yake bonyeo lililopigwa na kisiki. Si niliwaambia mvikumbuke? Moshi hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo bomba lenye ufa huvuta hewa ya nje. Saa ilikuwa imelishwa hewa, ikasema habari za hewa.

Sikumwambia mtu. Jumatatu Bwana Meneja alipokuja na kalamu yake, nilisimama mbele ya gari.

"Bwana Meneja, naomba unipime kabla ya kutia sahihi. Nipime kwa saa ya Fomeni mwenyewe."

"Hapana," akasema Fomeni. "Boi huyu naleta matata."

Meneja alikijua Kiswahili vizuri, na miguu yake ilikuwa bado ina malengelenge. "Mwache," akasema. "Dakika tano."

Nikaushika mpira, nikaunyoosha juu hewani. "Bwana Fomeni, tusomee. Saa inasema nini?"

Akageuka pembeni. Meneja akainama mwenyewe. "Petroli nyingi."

"Basi hewa ya Nachingwea imezidi petroli. Ni nani aliyeitengeneza vibaya? Andikeni na hiyo kwenye kadi, muweke jina langu."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajifanya anakohoa. Nikachomeka mpira kwenye bomba, injini ikawashwa. Mshale kulia, ukitikisika kwenye mstari wake. Kisha nikachukua tambara langu, lile la gunia, nikalilowesha, nikaingia chini ya gari na kulikandamiza juu ya ufa. Lilitoa mvuke. Bomba lilikuwa la moto, nami sikuachia.

"Sasa soma, Bwana!"

Nikiwa chini niliona viatu tu. Viatu vya Meneja vikasogea karibu na saa. Nikasikia sauti yake, taratibu: "Unakwenda kushoto." Halafu: "Umepita katikati." Halafu kwa Kiingereza akamwambia Fomeni maneno ambayo sikuyaelewa, lakini viatu vya Fomeni vilirudi nyuma hatua mbili.

Saa ilisema injini ina njaa. Saa ileile, isiyo na kabila. Nikatoka chini, kiganja kimebabuka, nikarudisha jeti ya zamani mbele yao bila kuruhusiwa na mtu. Mzee Nalinga akaingia chini kushikilia tambara, na umri wake ule! Mshale ukasimama katikati.

Fomeni hakuomba radhi. Alisema tu, "Rudi kwa meza yako."

"Sirudi," nikasema. "Kipande changu kwanza."

Meneja akakichukua, akataka kuyafuta yale maneno kwa wino mzito yasionekane kabisa. Nikamzuia. Ndiyo, nilimshika Mzungu mkono, mwaka ule. Nikamwambia apige mstari mmoja mwembamba, kila mtu ayasome, aone na mstari, kisha atie sahihi yake chini. Alinitazama sana, akafanya nilivyomwambia.

Karanga zilishindwa, kila mtu anajua. Fomeni akafunga sanduku lake, Meneja naye akaenda zake, matrekta yakabaki yakiota kutu. Mimi nilibaki na injini. Nilirudi Ruangwa, nikafanya kazi kwenye karakana ya serikali chini ya wakubwa wengine, wazuri na wabaya. Nilifundisha mafundi wengi. Wengine wamekuja na vipimo vipya vyenye tarakimu, na ninavipenda, ila kila kipimo kilichoingia karakanani kwangu nilikipima hewani kwanza. Wakiniona hivyo walicheka. Nami niliwaacha wacheke mpaka wamalize.

Siku niliyostaafu walifanya sherehe ndogo, pilau na soda. Mkuu wa karakana, kijana niliyemfundisha mwenyewe, akaniomba nilete vyeti vyangu awasomee wageni. Nikamwambia cheti ninacho kimoja. Nikamkabidhi kipande, kimechakaa, kimeunganishwa kwa gundi mikunjoni. Akakisoma kimya, akanitazama, akasita.

"Mzee Issa, nisome hivihivi?"

"Soma kwa sauti, mwanangu. Uanze na kilichokatwa."

Akasoma: hafai kugusa injini. Watu wakageuka kunitazama. Nikanyanyua kiganja changu, kile chenye kovu, grisi ya asubuhi ile bado imo kwenye kucha, nikakiacha juu mpaka wa mwisho wao akakiona.