Somo wa Kwenye Simu

Muzna alikuwa mwalimu wa darasa la pili, na kwa siku kumi na mbili alikuwa akifeli somo lile lile. Lau angekuwa mmoja wa wanafunzi wake, angekwishaambiwa asirudi skuli mpaka aje na mzazi. Na hapo ndipo penyewe, kwa sababu mzazi ndiye aliyekuwa hana. Babake alikufa yeye angali mdogo, hata sura yake haikumbuki. Mamake, Bi Jokha, alikuwa akimaliza mwaka wa pili kaburini.

Mimba yake ilikuwa ya miezi saba, ya kwanza. Mumewe, Suud, alikuwa Maskati kazini, akituma salamu za sauti kila Ijumaa, na Muzna alikuwa akikaa Mkunazini, ghorofa ya pili, pamoja na mkwewe, Bi Dalal. Desturi ya mjini inajulikana: mimba ya kwanza, miezi ikishakuwa mikubwa, mwanamke hurudi kwao akalelewe na mamake. Huko ndiko atakakokaa arubaini yake, akipikiwa uji wa pilipili manga na kukandwa kwa maji ya moto. Muzna hakuwa na kwao pa kurudi. Ile nyumba ya kupanga ya Kiponda wameshaingia watu wengine, na wametundika mapazia ya kijani ambayo Jokha asingeyatia hata chooni. Akitoka skuli alikuwa akipita pale, wala si njia yake, akiyatazama mapazia yale kidogo, kisha akienda zake kwa mkwewe.

Usingizi ulikuwa umemhama. Hospitali aliyojiandikishia iliruhusu mja mzito aingie chumba cha uzazi na mwanamke mmoja wa kumshika mkono, na kila alipoulizwa nani ataingia naye, Muzna alisema bado anafikiria. Alikuwa hafikirii lolote. Alikuwa na jina moja tu kichwani, na mwenye jina lile hawezi kuja. Bi Dalal alikuwa mkwe mwema, hilo lisemwe, lakini akiona damu huzimia, hata ikiwa ya kuku.

Muuguzi wa kliniki, msichana mpole, alipoona presha inapanda ndiye aliyemtilia ile programu kwenye simu. "Ni ya kutuliza moyo," alimwambia, "imetengenezwa makusudi kwa waja wazito. Dakika kumi kila siku. Unakaa, unavuta pumzi, unasikiliza."

Basi kila baada ya sala ya alasiri Muzna alifunga mlango wa chumba chake, akakaa juu ya mkeka, akaiweka simu mbele yake. Sauti ya mwanamke, lafudhi ya bara, laini, ilikuwa ikisema: "Karibu tena. Somo lako la leo liko tayari. Funga macho. Niko pamoja nawe." Somo la kwanza lilikuwa la kuvuta pumzi, akalipita. La pili lilikuwa la kulegeza mabega, akalipita. La tatu ndilo lililomshinda, maana sauti ilisema: "Wazo likija, usilishike. Liache lipite."

Na wazo lilikuwa likija. Lilikuja na kanga yake iliyochakaa, limejifunga kiunoni, linanukia kitunguu cha kukaanga, linamwita jina lake kutoka jikoni. Sasa mtu mwenye akili zake timamu atamwachaje mamake apite? Muzna alimkumbatia mle ndani ya kichwa chake, akamng'ang'ania, akalia, akafungua macho, akaifunga simu. Kesho yake ikamwandikia: "Hukumaliza Somo la Tatu."

Hapo ndipo Bi Dalal alipoingia kati, na wema wake wote, na sikio lake moja lisilosikia.

Lazima ielezwe kwamba kwa watu wa mji huu somo si darasani tu. Msichana anapovunja ungo hupewa mwanamke wa kumfunda, wa kumwambia yale ambayo mama humwonea haya mwanawe kumwambia. Huyo ndiye somo yake, na siri zake zote ni huko, mpaka harusi, mpaka uzazi. Somo hawi wawili. Kumwacha wa kwanza ukenda kwa mwengine ni tusi ambalo halina maelezo. Muzna, kwa kuwa ni mwalimu na anasema somo hili na somo lile kutwa nzima, hata halikumpitikia.

Bi Dalal alipita ukumbini na sahani ya embe mbichi, akasikia mlangoni sauti ya mwanamke mgeni: somo yako, funga macho, niko nawe. Akasimama. Siku ya pili akasimama tena. Ya tatu akapiga simu Fumba, kwa Bi Mashavu.

Bi Mashavu ndiye somo wa Muzna. Yeye na Jokha walijuana wodini, vitanda jirani, siku Muzna alipozaliwa, na tangu siku hiyo hawakuachana. Lakini baada ya khitma ya arubaini ya Jokha, Bi Mashavu hakuonekana tena mjini, wala Muzna hakwenda Fumba.

Alhamisi Bi Mashavu alifika, buibui limejaa vumbi, pumzi zimemwisha kwa zile ngazi. Bi Dalal alikumbuka ghafla kwamba ana kitu motoni.

"Shikamoo, Bi Mashavu," alisema Muzna, mkono kiunoni.

"Marahaba. Yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyo somo yako mpya. Mtoeni nimuone. Ati mnafungiana mlango, mnanong'onezana, anakwambia funga macho. Anakufunga macho kwa nini? Mie sikukufunga macho."

Hapo Muzna alifahamu, akacheka, kicheko cha kwanza tangu mwezi wa pili wa mimba, akajishika tumbo. Bi Mashavu hakucheka. Ikabidi simu iletwe, iwekwe juu ya mkeka, ibonyezwe.

"Karibu tena," ilisema simu. "Somo lako la leo liko tayari."

"Somo *lako*!" alipandisha sauti Bi Mashavu. "Hata adabu ya kusema somo *yako* hana."

"Ni darsa, Bi Mashavu. Darsa tu. Hamna mtu humu, ni mashine."

"Na hiyo mashine imekufunza nini?"

"Kuvuta pumzi."

"Kuvuta pumzi!" Alimtazama toka juu mpaka chini. "Kwani siku zote hizi ulikuwa ukiishi vipi?"

Muzna alitaka kucheka tena, lakini Bi Mashavu alikuwa amekaa kitako kwenye mkeka na uso umebadilika. Alikuwa ameumia, tena si kidogo.

"Mimba hii nimeisikia kwa mkweo," alisema Bi Mashavu. "Miezi saba. Mie nliyekufunda, nnapewa habari zako na simu."

Muzna alikaa karibu naye, taratibu, kama wanavyokaa wenye matumbo. Angeweza kusema shughuli za skuli, angeweza kusema safari ni ndefu. Alisema kweli. "Nikikuona wewe nnamuona yeye hayupo. Mlivokuwa mkikaa pamoja, mkicheka. Nlijua ukipanda ngazi hizi peke yako, basi tena. Itakuwa kweli kafa."

Bi Mashavu alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Na mie unafikiri nini kilichonizuia kuja? Nshavaa buibui mara ngapi, nshasimama njiani, nikarudi. Nitakwenda mjini nikamwone nani?"

Sauti ya simu ilikuwa bado inaendelea, haina habari na mtu, inasema wazo likija usilishike, liache lipite.

"Lipite liende wapi?" aliuliza Bi Mashavu.

"Sijui. Hapo ndipo nnaposhindwa. Kila siku anakuja mama, na mie siwezi kumwacha. Nnamtaka mama, Bi Mashavu. Nshakuwa mtu mzima, nnafundisha watoto wa watu, na nnamtaka mama yangu. Naogopa kuingia chumba cha uzazi nikamwita, na watu wakasikia."

Bi Mashavu hakumwambia asilie. Alimvutia kichwa mapajani mwake, akaanza kumfumua nywele kama vile alikuwa amekuja kwa kazi hiyo.

"Siku uliyozaliwa wewe," alisema, "mamako alikuwa akimwita mamake. Tangu adhuhuri mpaka magharibi, mama, mama. Na bibi yako kashakufa kitambo, mie sijui. Nikamuuliza muuguzi, mbona mamake haji, akaniambia. Basi nlishuka kitandani na uchungu wangu mwenyewe, nikamshika mkono. Kila akiita, naitika mie. Akisema mama, nnamwambia nipo."

Muzna aliinua kichwa. "Hakukukatalia?"

"Alijua si mamake. Hakuwa kichaa. Lakini alikuwa akiita, na mtu akiita aitikiwe."

"Na mie nikiita?"

"Ita uwezavyo," alisema Bi Mashavu. "Ntaingia na wewe. Ntaitika."

Muzna alilia pale mapajani, kilio kirefu kisicho na haya, na Bi Mashavu alilia juu yake, na ukumbini sahani ikamponyoka Bi Dalal. Simu iliendelea peke yake mpaka Somo la Tatu likaisha, kwa mara ya kwanza, pasi na mtu aliyelisikiliza. Kisha ikalia kengele ndogo, na sauti ikauliza jambo.

"Anasemaje?" aliuliza Bi Mashavu.

Muzna alijifuta macho, akatazama kioo cha simu. "Anauliza tunajisikiaje sasa. Tuchague. Vizuri, wastani, au vibaya."

Bi Mashavu aliiinamia ile simu, mkono wake ungali kwenye nywele za Muzna.

"Mwambie tunamtaka Jokha," alisema. "Hayo mengine achague mwenyewe."