Blanketi Lililofumuliwa

Mwezi uliopita nilikwenda Kasingirima, kule Ujiji, kuiona nyumba ya bibi yangu mzaa mama. Mahali pake nikakuta fremu mbili za duka, moja inauza sabuni na mafuta, nyingine imefungwa. Nilisimama pale, ndugu yangu, nimeduwaa, mpaka mwenye duka akaniuliza nataka nini. Nikanunua kipande cha sabuni ambacho sikukihitaji.

Hapo palikuwa na kibaraza, na kibarazani bibi aliwarekebishia watu mablanketi ya viraka yaliyochakaa. Kazi yangu ilikuwa kumtungia uzi, maana macho yake hayakuona tena tundu la sindano. Ndani kulikuwa na migebuka, samaki wa ziwani, inayochemka kwenye mawese, na harufu yake iliingia mpaka kwenye mablanketi ya wateja. Bibi alikuwa mkali. Ukishona mishono mirefu anaifumua yote, halafu anakuuliza kama unashona gunia.

Mwaka mmoja wakimbizi wa Burundi walivuka ziwa kwa wingi, wakashukia kwetu. Shule yetu ikafungwa ili walale madarasani wakisubiri malori ya kambini, ambayo yalikuja bila ratiba. Sisi watoto, Mungu atusamehe, tulifurahia likizo.

Siku moja akaja mama wa Kirundi, mtoto mchanga mgongoni, blanketi mikononi. Alilishona mwenyewe huko kwao kwa nguo za watu wake. Alituonyesha kwa kidole: shati la mumewe, gauni la binti yake, kaptula ya mwanawe. Wote hao hawakuvuka. Maji ya ziwa yalikuwa yameozesha nyuzi, na hakuwa na kingine cha kumfunika mtoto aliyebaki.

“Mama, ndagusavye, lisinifumukie njiani,” alimsihi bibi.

“Nitalishikiza tu, mwanangu,” bibi alimjibu. “Nikilishona upya ni siku nne, na malori yanaweza kuja wakati wowote.”

Asubuhi iliyofuata, bibi akiwa sokoni, yule mama alipita mbio na ndoo ya maji. “Mwambie bibi, malori, ejo!” akaniambia.

Sasa, kwa Kirundi, na kwa Kiha cha bibi pia, ejo ni jana na ejo hiyohiyo ni kesho. Mwenye lugha hutambua kwa maneno yanayoizunguka. Mimi nililelewa kwa Kiswahili, na ejo niliyoijua ni ile ya bibi akinigombeza kwa vyombo nilivyoacha kuosha jana. Bibi aliporudi nikamwambia malori yalikuja jana, yule mama ameachwa.

“Basi muda tunao,” akasema. Akachukua wembe, akalifumua blanketi lote, akavifua viraka kimoja kimoja na kuvianika uani.

Kesho yake malori yakanguruma. Yule mama alikuja anakimbia, na alipoviona viraka vimetandazwa alipitiliza hadi uani. Aliinama akaanza kuviokota. Bibi naye aliokota huku akirudia, “Nisamehe, mwanangu, nisamehe.” Vikatiwa kwenye foronya, vingine vibichi, pamoja na sindano na uzi. Mvua ilikuwa imeanza. Bibi akavua kanga yake, akamfunika mtoto, na yule mama akapandishwa lori.

Jioni tulikuta kile kiraka cha shati la mumewe kimeangukia nyuma ya mtungi. Bibi alikikung'uta vumbi, akakikunja.

“Alikwambia neno gani hasa?” akaniuliza.

Nilikwisha kuelewa tangu malori yaliponguruma. Ningelitaja tu lile neno, naye angeelewa papo hapo. Niliogopa.

“Alisema jana, bibi. Kwa Kiswahili kabisa.”

Akaniamini. “Maskini,” akasema, “akili zimemruka kwa mateso.” Jirani akasikia, akaieneza, na kwa miaka mingi wateja walisimuliwa habari za mkimbizi kichaa asiyejua siku, nami nimekaa hapohapo natunga uzi.

Leo bibi hayupo, kibaraza hakipo, na blanketi likichanika watu wananunua jingine. Yule mtoto mchanga, kama aliishi, ni mtu mzima sasa. Sijui aliambiwa nini kuhusu bibi wa Ujiji aliyelichana blanketi lao. Mama yake alikuwa na akili timamu. Nilimwita kichaa kwa mdomo wa bibi yangu, na bibi alikufa akimwombea apone.