Shenki na Visigino Vyangu

Mpira wa kwanza uliingia kwenye banda la kuku la mama mkwe wangu. Wa pili ukafuata njia hiyo hiyo. Wa tatu uligonga bati la choo cha nje kwa kishindo, na mume wangu akatoka humo mbio, mkanda mkononi, akiuliza nani anarusha mawe saa moja asubuhi. Nilikuwa nimekaa kwenye nyasi zenye umande nikicheka mpaka mbavu zinauma, ingawa naomba ieleweke kwamba nilikuwa na hasira pia. Mpira nilikuwa nimeulenga kwenye mkaratusi mmoja mrefu upande wangu wa kushoto. Banda la kuku lilikuwa mbele ya pua yangu.

Wacheza gofu wanauita ugonjwa huu shenki. Badala ya kugongwa na uso wa fimbo, mpira unagongwa na shingo yake, pale mpini unapoingia kwenye chuma. Ukigongwa pale hauendi unakotakiwa. Unachomoka pembeni kwa kasi, na chuma kinalia kwa sauti ambayo kila mchezaji anaijua hata akiwa amegeuka. Watu wanauogopa kiasi kwamba mwenzao akipiga shenki wanatazama kando, wasije wakaondoka nao.

Mimi ni Mhehe wa Iringa mjini, nimeolewa na Mnyakyusa, na tunaishi Uyole ninakofanya kazi ya kupima udongo. Mume wangu alikulia Mufindi kwenye mashamba ya chai, ambako baba yake alikuwa fundi wa mashine za kiwanda. Shamba lilikuwa na kiwanja kidogo cha gofu, mashimo tisa katikati ya chai, na yule fundi akajifunza mchezo huo mpaka ukamwingia kwenye damu. Alipostaafu alijenga nyumba jirani na kiwanja. Mama mkwe wangu hajawahi kushika fimbo hata siku moja. Anasema hauelewi mchezo wa mtu mzima kukitupa kitu mwenyewe halafu akaenda kukitafuta.

Mwaka huo tulikwenda kwao kwa likizo ya wiki mbili, na mume wangu, bila kuniuliza, akaandika majina yetu kwenye ubao wa mashindano ya mume na mke. Nilifurahi vibaya sana. Uyole nilikuwa napiga kwenye kiwanja cha mpira cha shule, na nilikuwa napiga vizuri, mpira unapaa hadi watoto wanashangilia. Nilikuwa tayari nimeshachagua sketi ya kuvaa siku hiyo. Halafu tumefika Mufindi, nimeshika fimbo ile ile, na kila mpira unakwenda kwa kuku.

Nililaumu ukungu. Nililaumu baridi. Kwa kuwa udongo ndio kazi yangu, niliulaumu udongo kwa siku nzima na kwa maneno ya kitaalamu. Mume wangu alikuwa na dawa moja tu.

"Usiinue kichwa, mke wangu."

"Sijainua."

"Umeinua. Nimeona."

"Ulikuwa chooni!"

Sasa niseme jambo ambalo bila hilo hadithi hii haieleweki. Kwa wakwe zangu kuna mwiko ambao kwetu hauna ukali ule: mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Hawali meza moja, hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni. Nyumba nyingi siku hizi zimeulegeza, lakini baba alikuwa fundi, na hakuwa mtu wa kulegeza kitu alichokikuta kimekazwa. Mwiko unaweza kufunguliwa, ila wa kuufungua ni yeye, kwa kutoa zawadi, na mkwe hawezi kuomba. Kwa hiyo katika miaka sita ya ndoa nilikuwa namjua kwa kikohozi. Kabla ya kukata kona yoyote anakohoa mara mbili, nami nikisikia, navuta kitenge kichwani na kupotelea jikoni. Nilikijua kikohozi, kofia, mgongo, na viatu vyake mlangoni. Sura yake niliijua kutoka kwenye picha ya ukutani tu, ya enzi ana nywele.

Sikuona kama ni mateso. Nyumba ile ilinilea vizuri. Lakini nitasema ukweli: nilitaka kujua kama ananipenda. Mtu anaweza kuishi bila kulijua hilo, ila kila nikirudi Uyole nilikuwa narudi na swali lile lile.

Siku ya pili ya shenki, mama mkwe alikuja jikoni akijifuta mikono.

"Mwanangu, baba anasema upake poda ya mtoto kwenye chuma cha hiyo fimbo. Upige, usifute, unipe nimpelekee."

"Baba anajua napiga shenki?"

"Kuku wanajua, baba asijue?"

Nikapaka poda, nikapiga. Mama akaibeba fimbo mikono miwili mpaka nyuma ya ua wa miti ulio kando ya banda, ambako baba alikuwa amekaa kwenye kigoda, ametupa mgongo. Akarudi na jibu: poda imefutika shingoni, uso wa fimbo bado mweupe. Ni shenki kamili, na mtu asinisumbue tena na habari za kichwa.

Basi nikapata mwalimu ambaye haniangalii. Yeye alikuwa anasikiliza. Nikipiga, anakohoa kimoja kidogo, mama anakwenda, anarudi. Siku ya tatu aliagiza magunzi ya mahindi. Gunzi moja lisimamishwe upande wa pili wa mpira, karibu, nami nipige mpira bila kuligusa. Kama fimbo inakwenda mbele kupita kiasi, gunzi litasema. Likasema. Yote yakasema, yakaruka mpaka kwenye sufuria ya maharage, na mama akawa anayaokota akicheka kwa kuegemea ukuta. Tulicheka sana siku hizo, sote wanne, watatu upande huu na mmoja nyuma ya miti. Kicheko chake kilikuwa chembamba kuliko nilivyotarajia kwa mgongo ule.

Lakini shenki haikuondoka, na mashindano yalikuwa Jumamosi. Jumatano nikamwambia mume wangu kwamba nisipopona kesho yake afute majina yetu ubaoni, na fimbo ampe mtu mwingine. Sikuwa natania. Nilikuwa nimechoka kuwa kichekesho hata kama kicheko chenyewe nilikianzisha mimi.

Alhamisi asubuhi mama alitoka na ndoo ya majivu ya jikoni, akayamwaga pale ninaposimama, akayasawazisha kwa ufagio.

"Anasema simama hapo, piga mitatu, halafu uondoke bila kukanyaga pengine."

Nikapiga mitatu. Kuku wakapokea. Nikaondoka kwa kuruka, nikajificha nyuma ya jiko. Kikohozi mara mbili. Nikasikia hatua zake zinakuja, zinasimama. Zilisimama muda mrefu. Kisha zikarudi, na mama akaja, na safari hii hacheki.

"Baba anasema visigino havipo."

"Havipo vipi? Nimekuja navyo kutoka Uyole."

"Anasema vidole vimezama kwenye majivu, nyuma hapajaguswa. Uzito wote uko mbele. Ukishuka na fimbo unaangukia mbele, mikono nayo inakwenda mbele, ndiyo maana mpira unakutana na shingo. Anasema mtu mwenye nyayo za hivyo amesimama kama anataka kukimbia." Akatazama chini. "Anauliza, unamkimbia nani?"

Mimi ninayelipwa kusoma ardhi nilikuwa nimesimama juu ya jibu siku zote hizo. Kila nikiinua fimbo sikio langu moja lilikuwa kwenye ule ua wa miti. Kila nikishuka, mwili ulikuwa nusu njiani kwenda jikoni, kabla ya kukohoa mtu yeyote. Uyole hakuna kikohozi. Ndiyo maana Uyole nilikuwa napiga vizuri.

"Mwambie simkimbii mtu," nikasema.

Mama hakuondoka. "Nimwambie hivyo?"

"Hapana. Mwambie namkimbia yeye. Mwambie kwa heshima zote, mama, lakini nimechoka kukimbia."

Nilisema nikicheka, na nilipofika mwisho wa sentensi nilikuwa nalia. Mama akaenda. Nyuma ya miti nikasikia kigoda kinasogezwa na hatua zinaondoka kuelekea kwenye chai. Hakukohoa. Mchana hakurudi kula. Mume wangu aliniuliza nimemwambia nini baba yake, nikamweleza, akashika kichwa. Nilikunja nguo zangu nikazipanga kwenye begi, ile sketi juu kabisa, nikajiambia kwamba nimeharibu nyumba kwa ajili ya mpira mdogo mweupe.

Ijumaa asubuhi mume wangu aliamka akavaa shati lililopigwa pasi. Hakutaka kusema kwa nini. Mama akanifunga kitenge kipya kiunoni, akanitoa nje kwa kunishika mkono, na pale kwenye mkaratusi wangu, ule ambao sikuwahi kuupata kwa mpira, palikuwa pamefungwa mtamba mweusi mwenye doa jeupe, anatafuna bila wasiwasi. Nyuma ya nyumba kikasikika kikohozi mara mbili. Miguu yangu ikaanza safari yenyewe, na mama akanikaza kiganja.

"Leo hukimbii."

Akatokea. Alikuwa mfupi kuliko mgongo wake. Alikuwa na masikio ya mume wangu, yale yale yanayosimama. Alivua kofia, akanitazama, akasema, "Kamwene." Salamu ya kwetu. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kunisalimia hivyo, na baadaye mama aliniambia kwamba alikuwa akiifanyia mazoezi kwa vibarua wa Kihehe tangu tulipooana.

"Kamwene, baba," nikasema.

"Huyu ng'ombe ni wako. Nimemtenga toka akiwa ndama. Nilikuwa nasubiri kwanza utuzoee."

"Na mimi nilikuwa nasubiri, baba."

"Mh," akasema. "Basi tumesubirishana." Akavaa kofia yake. "Haya, chukua fimbo. Mashindano ni kesho."

Mashindano yenyewe niyaseme hapa yaishe: tulikuwa wa pili kutoka mwisho, sketi ilipendeza, na sikupiga shenki hata moja. Walioshika mkia wanadai mume wangu alikosea kuhesabu. Sibishani nao.

Ila ninachokikumbuka ni ule mpira wa Ijumaa. Baba alitembea mpaka mbele ya banda la kuku, pale pale ambapo mipira yangu yote ilikuwa imekwenda, akageuka akanikabili. Mume wangu akapiga kelele kwamba baba, huyo atakuua. Mama hakubishana na mtu. Aliingia jikoni akatoka na mfuniko wa sufuria kubwa ya kupikia kwenye misiba, akampa mumewe. Baba akaushika mbele ya kifua, kichwa kikiwa juu yake, kofia imenyooka, akanitazama moja kwa moja.

"Mimi niko hapa," alisema. "Sitakohoa. Weka visigino chini."

Nilicheka hadi fimbo ikatikisika. Nikafuta machozi kwa pindo la kitenge kipya. Nikasimama upya, nikahisi nyasi zilizolowa chini ya kisigino cha kulia, kisha cha kushoto, na mgongo ukanyooka wenyewe. Nikiinua macho kidogo tu, yeye yupo. Hakukuwa na mahali pa kwenda na sikutaka kwenda. Nikapiga.

Chuma hakikulia. Kulikuwa na sauti fupi, laini, na mikono yangu haikusikia kitu, kama vile mpira haukuwepo. Mume wangu alianza kuruka ruka. Mama alipiga vigelegele, na mtamba akashtuka akajizungusha na kamba yake.

"Umekwenda wapi?" baba aliuliza akiwa nyuma ya mfuniko.

"Sijui, baba. Nilikuwa nakuangalia wewe."

Akashusha mfuniko. "Hata mimi sikuuona," alisema.