Kadi za Bi Ozella

Bi Ozella Pettway aliandika kadi za vitanda zenye majina ya wagonjwa katika hospitali ya chuo chetu cha Weusi, hapa Alabama, kwa miaka thelathini. Mjini Wazungu walituita kwa majina matupu. Hata ajuza aliitwa "msichana". Kwenye kadi zake kila mgonjwa alikuwa Bwana au Bibi. Mimi, muuguzi mgeni, nilipoandika "Mattie" tu, alinifokea: "Kwani huyu mbuzi?"

Siku moja akaletwa Mzungu aliyevunjika mguu kwa ajali ya gari langoni petu.

"Wewe msichana, niandike Hoyt Grissom."

Akaandika bila haraka, akamwonyesha kadi: Bwana Hoyt Grissom.

"Humu ndani ndivyo tunavyoitana," akasema. "Mimi ni Bibi Pettway. Haya, unaumwa wapi?"

Mzungu aliitazama ile kadi kwa muda.

"Mguu," akasema. "Mguu, Bibi Pettway."